Nani Mwenye Lugha? Uhakiki wa Istilahi za Leseni za Kompaila

Utangulizi

Kila taaluma inayoingia katika Kiswahili huja na mambo mawili: vitu vyenyewe, na majina ya vitu hivyo. Aghalabu wataalamu wa istilahi huyahangaikia majina, wakidhani kwamba vitu vimekwisha kujulikana. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza uwanja mmoja mdogo ambamo dhana hiyo huleta madhara, nao ni uwanja wa leseni huria za programu za kompyuta, hususa leseni za kompaila za lugha za zamani za kanzidata. Kompaila, kwa wasiolizoea neno hili, ni programu inayochukua maagizo yaliyoandikwa na mtu kwa lugha fulani ya programu, na kuyageuza yawe maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza.

Huenda wakatokea watakaouliza kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na mambo ya mafundi na mawakili. Jibu letu ni kwamba suala hili ni la lugha mara mbili. Kwanza, ugomvi mkubwa uliozuka katika uwanja huu ulihusu swali la kama lugha yaweza kuwa na mwenyewe. Pili, mtu anayeusoma mkataba kwa istilahi mbovu hufikia hukumu mbovu: ama ataogopa kukitumia kitu alichoruhusiwa, ama atajitwalia kitu alichokatazwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanzidata ndiyo daftari la siku hizi, na ofisi isiyojua daftari lake limeandikwa kwa lugha ya nani, wala limefungwa kwa masharti gani, haina hakika kwamba kesho italifungua.

Chimbuko la ugomvi

Yafaa tuanze na historia kwa ufupi. Katika miaka ya 1970, kwenye maabara ya Jet Propulsion Laboratory huko California, ambayo huendeshwa na chuo cha Caltech kwa niaba ya shirika la NASA, palikuwa na mfumo wa kuhifadhi na kutafuta habari ulioitwa JPLDIS. Mtaalamu mmoja aliyefanya kazi hapo, C. Wayne Ratliff, alianza mwaka 1978 kuandika programu yake ya namna hiyo kwa ajili ya kompyuta ndogo, akaiita Vulcan. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Ashton-Tate ilianza kuiuza kwa jina la dBASE II, na lugha yake ya maagizo ikaenea katika ofisi nyingi duniani.

Programu ya dBASE ilifanya kazi kama mkalimani. Iliyasoma maagizo mstari kwa mstari na kuyatekeleza papo hapo. Kwa hiyo kila aliyetaka kuendesha kazi iliyoandikwa kwa lugha hiyo alilazimika kuwa na dBASE yenyewe katika mashine yake. Hapo ndipo kampuni nyingine zilipoona nafasi. Fox Software ikatoa FoxBASE, iliyoielewa lugha ile ile na kuitekeleza kwa kasi zaidi. Nantucket ikatoa Clipper mwaka 1985, nayo ilikuwa kompaila: mwandishi aliandika kwa lugha ya dBASE, akapata faili inayojiendesha, akampa mteja wake bila mteja huyo kununua dBASE.

Mwaka 1988 Ashton-Tate iliishtaki Fox Software ikidai kwamba hakimiliki yake imevunjwa. Dai hilo halikuhusu wizi wa msimbo wa programu tu. Lilikwenda hadi kwenye lugha yenyewe, yaani maneno ya amri na mpangilio wake. Desemba 1990 Jaji Terry Hatter aliamua kwamba hakimiliki ya Ashton-Tate ilikuwa batili, kwa sababu kampuni hiyo haikuieleza ofisi ya usajili kwamba dBASE ilitokana na JPLDIS. Aprili 1991 jaji huyo huyo aliutengua uamuzi wake. Kabla shauri halijafika mwisho, Borland iliinunua Ashton-Tate mwaka huo wa 1991, na Wizara ya Sheria ya Marekani ikaweka sharti kwamba Borland isidai hakimiliki juu ya lugha ya dBASE. Kwa hiyo swali lilizimwa bila kujibiwa na mahakama. Jina dBASE likabaki kuwa alama ya biashara, na watumiaji wa lugha hiyo wakaanza kuiita xBase ili wapate kuitaja bila kumtaja mwuzaji wake.

Waliofuata hawakukaa salama kwa sababu hiyo. Clipper ilinunuliwa na Computer Associates mwaka 1992, na baada ya miaka michache ikaacha kuendelezwa. Fox Software ilinunuliwa na Microsoft mwaka huo huo wa 1992. Mwaka 2007 Microsoft ikatangaza kwamba haitatoa toleo jingine la Visual FoxPro, na msaada kwa toleo la mwisho ulikoma Januari 2015. Wenye kazi zilizoandikwa kwa lugha hizo wakabaki na lugha hai isiyo na mtunzaji. Tokea mwaka 1999 watu wa nchi mbalimbali walianza kuandika kwa kujitolea kompaila mpya inayoielewa lugha ya Clipper, wakaiita Harbour. Clipper ni jina la aina ya merikebu ziendazo kwa kasi. Harbour ni bandari. Kompaila hiyo ilitolewa kwa leseni huria, na hapo ndipo maswali ya istilahi yanapoanza.

Vitu vinne, jina moja

Mtu akisema kwa Kiswahili cha kawaida kwamba “Harbour ni huria,” amesema nini hasa? Tukichunguza tutaona kwamba pana vitu vinne, na kila kimoja kina hukumu yake.

Cha kwanza ni lugha: maneno ya amri na sarufi yake. Cha pili ni kompaila: programu inayoisoma lugha hiyo na kuigeuza. Cha tatu ni kazi ya mwandishi: maagizo aliyoyaandika mwenyewe, mathalan programu ya mishahara au ya ghala. Cha nne, ambacho wengi hukisahau, ni maktaba ya utendaji: vipande vya programu vilivyoandikwa na waundaji wa kompaila, ambavyo huunganishwa ndani ya kazi ya mwandishi ili iweze kuendeshwa. Faili ya mwisho anayopewa mteja ina vitu viwili vilivyochanganyika, kazi ya mwandishi na maktaba ya utendaji.

Kuhusu kitu cha kwanza, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa mwongozo tarehe 2 Mei 2012 katika shauri la SAS Institute dhidi ya World Programming. Mahakama ilisema kwamba uwezo wa programu, lugha yake na muundo wa faili zake za data havilindwi na hakimiliki ya programu ya kompyuta, ijapokuwa iliacha mlango wazi kwamba lugha au muundo huo waweza kulindwa kama kazi ya namna nyingine iwapo ni ubunifu halisi wa mtunzi. Hukumu hiyo ni ya Ulaya, haizifungi nchi nyingine; lakini inatuonyesha kwamba lugha na kompaila si kitu kimoja mbele ya sheria, na kwa hiyo haifai viwe kitu kimoja mbele ya mwanaistilahi. Anayeandika “leseni ya lugha ya Clipper” akikusudia leseni ya kompaila ya Clipper ameurudisha kwa neno moja ule ugomvi wa mwaka 1988.

Ubaya wa “kikusanyaji”

Tuje sasa kwenye jina la kitu cha pili. Neno la Kiingereza ambalo kompaila imetokana nalo lina asili ya maana ya kukusanya, kama mtu anavyokusanya maneno ya kamusi. Mfasiri anayelifuata neno badala ya kitu atafika moja kwa moja kwenye “kikusanyaji.” Sisi tunalipinga neno hilo, si kwa sababu halina sauti ya Kiswahili, bali kwa sababu linadanganya.

Katika sheria za hakimiliki, mkusanyiko ni dhana yenye maana yake mahsusi. Anayekusanya mashairi ya washairi kumi katika kitabu kimoja ana haki fulani juu ya mpangilio wa kitabu, ilhali kila mshairi ana haki yake juu ya shairi lake. Msomaji akiambiwa kwamba programu yake “imekusanywa” kwa Harbour, atadhani kwamba kazi yake imewekwa kando ya kazi ya wengine kama shairi katika diwani, kila moja na mpaka wake. La hasha. Kazi yake imegeuzwa umbo na kuunganishwa na maktaba ya utendaji hata zikawa faili moja. Swali la kisheria linatokana na muungano huo hasa. Istilahi inayouficha imelificha swali.

Kwa hiyo twaona bora kuliacha neno kompaila, kama tulivyoliacha neno kompyuta, na kitendo chake kiitwe “kugeuza,” na kile cha kuambatisha maktaba kiitwe “kuunganisha.” Si kila neno la kigeni ni aibu ya lugha. Neno la kigeni lisilosema kitu ni afadhali kuliko la kienyeji linalosema uongo.

“Leseni” na “huria”

Neno leseni limekwisha kukaa. Hata hivyo, mazoea yetu nalo ni ya namna nyingine. Leseni ya biashara, ya udereva au ya kuuza vileo hutolewa na serikali kwa mtu mmoja aliyeomba, kwa ada, kwa muda maalumu. Leseni ya programu hutolewa na mwenye hakimiliki. Iliyo huria humhusu yeyote aliyeipata programu, bila maombi wala muhuri. Hatupendekezi neno liondolewe. Tunapendekeza kamusi ziongeze maana ya pili: ruhusa ya mwenye hakimiliki pamoja na masharti yake. Maneno “pamoja na masharti yake” yasiachwe kamwe, kwani ndiyo moyo wa jambo.

Neno huria lina matatizo makubwa zaidi. Katika masikio ya wengi, huria ni soko huria, yaani biashara iliyofunguliwa minyororo, kila mtu afanye atakalo. Msikilizaji wa namna hiyo akisikia programu huria huelewa programu isiyo na masharti, au programu ya bure. Ipo lakini maana nyingine, nayo tunayo nyumbani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ni huria kwa maana kwamba kinawafikia wasioweza kwenda kukaa chuoni. Si kwa maana kwamba hakina ada, mitihani wala kanuni. Huria hii ya pili, yaani mlango ulio wazi pamoja na kanuni za nyumba, ndiyo inayofaa kuelezea programu. Ni wajibu wa waandishi wa kamusi kuitaja waziwazi, na kutenga “huria” mbali na “bure.” Kitu chaweza kutolewa bure huku kimefungwa, na kitu huria chaweza kuuzwa kwa fedha.

Hiba na wakfu

Hata tukiisha kulisafisha neno huria, bado linachanganya namna mbili za ruhusa. Namna ya kwanza humruhusu mpokeaji kutumia, kubadili na kusambaza programu, hata kuifunga ndani ya bidhaa yake asiyotaka wengine waione, mradi amtaje mtunzi. Namna ya pili humruhusu kutumia na kubadili, lakini akiisambaza kazi iliyotokana nayo, hana budi kuwapa wapokeaji wake msimbo chanzo na ruhusa zile zile alizozipata yeye. Leseni maarufu ya namna hii ni GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989.

Kiswahili hakihitaji kuazima maneno kwa tofauti hii, kwani sheria na desturi za mwambao wetu zimekuwa nayo tangu zamani. Anayetoa hiba amekata. Mpokeaji akitaka atauza, akitaka atajengea ukuta. Anayeweka wakfu ametoa kwa masharti: kisima kitumiwe na wote, kisiuzwe, kisifungiwe, na anayekuja baadaye akikute kama alivyokikuta wa kwanza. Twapendekeza basi “leseni ya hiba” kwa namna ya kwanza, na “leseni ya wakfu” kwa namna ya pili.

Tunakiri kwamba mfano haulingani kila mahali. Mwenye kuweka wakfu huitoa mali katika miliki yake, ilhali mtunzi anayetumia GPL hubaki mwenye hakimiliki, na aweza kuitoa kazi yake hiyo hiyo kwa mtu mwingine kwa leseni nyingine. Vilevile anayeitumia programu ofisini kwake bila kuisambaza hadaiwi chochote. Kasoro hizo zitajwe katika fasili. Hata hivyo neno wakfu lina sifa moja kubwa: mzee asiyejua kompyuta akilisikia ataelewa mara moja kwamba kitu hiki ni cha wote lakini si cha kuchezea.

Hapa pana mtego mwingine, nao ni “mali ya umma.” Neno hili hutumiwa wakati mwingine kwa kazi ambayo hakimiliki yake imekwisha au haikuwapo. Lakini nchini Tanzania mali ya umma ni mali ya taifa: gari la serikali, jengo la shirika, dawa za hospitali. Ina mwenyewe, na anayeichukua hushtakiwa. Kazi isiyo na hakimiliki ni kinyume chake, kwani haina mwenyewe na anayeichukua hana kosa. Angalia shauri la dBASE: JPLDIS ilitengenezwa kwenye maabara ya fedha za umma, na hoja ikawa kwamba haina mmiliki. Mwandishi akiita hali hiyo “mali ya umma,” msomaji wetu atafahamu kwamba serikali ya Marekani ndiyo iliyodhulumiwa, na maana ya shauri itapinduka. Twapendekeza “kazi isiyomilikiwa.”

Msamaha wa sharti

Sasa turudi kwa mwandishi wa programu ya mishahara. Aliiandika kwa Clipper miaka mingi iliyopita. Sasa ataka kuigeuza kwa Harbour ili iendelee katika mashine mpya. Je, alazimika kuutoa hadharani msimbo chanzo wake iwapo ataiuza programu hiyo?

Kompaila kuwa chini ya GPL hakumlazimishi, kwa kuwa leseni hiyo yenyewe yasema kwamba zao la programu halifungwi nayo ila likiwa ni kazi iliyojengwa juu ya programu hiyo. Mtu anayeandika barua kwa kalamu ya kuazima hadaiwi barua. Taabu iko kwenye kitu cha nne. Maktaba ya utendaji imeingia ndani ya faili yake, na kwa GPL iliyo tupu faili nzima ingeifuata. Mashaka haya si ya kubuni. Bison, chombo cha mradi wa GNU cha kuundia wachanganuzi wa sarufi, kilikuwa kikiingiza sehemu ya msimbo wake ndani ya zao, na katika matoleo yake ya awali mazao hayo yalifungwa na GPL hadi masharti yalipolegezwa. Kwa kompaila za GCC, hati maalumu ya kuziondolea maktaba za utendaji sharti hilo ilitolewa upya mwaka 2009.

Waundaji wa Harbour walifanya vivyo hivyo. Leseni yao ni GPL pamoja na kifungu kinachosema kwamba kuunganisha maktaba za Harbour na faili nyingine hakuifanyi, kwa sababu hiyo peke yake, faili inayotokea ifungwe na GPL. Kwa hiyo mwandishi wetu yu huru kuuza na kuuficha msimbo wake. Lakini uhuru huo una mpaka. Kifungu hicho ni cha msimbo uliotolewa na mradi wa Harbour kwa jina hilo; akiunganisha pia maktaba ya watu wengine iliyo chini ya GPL isiyo na kifungu hicho, sharti la wakfu linarudi. Na akiibadili Harbour yenyewe na kuisambaza, mabadiliko yake yamo ndani ya wakfu.

Kifungu hiki kikiitwa “kasoro ya leseni” au “tofauti maalumu,” msomaji hatajua kama kinampa au kinamnyima. Kiswahili cha fedha kina neno lililo tayari: msamaha wa kodi, yaani kodi ipo, lakini fulani ameondolewa katika jambo fulani. Twapendekeza “msamaha wa sharti.” Linasema kwamba sharti lipo, kwamba limeondolewa, na kwamba limeondolewa kwa kadiri iliyotajwa tu.

Hitimisho

Yapo mapendekezo yetu kama ifuatavyo. Lugha, kompaila, kazi ya mwandishi na maktaba ya utendaji viwe vidahizo vinne tofauti katika kila orodha ya istilahi za kompyuta. Kikusanyaji kiachwe. Leseni iongezewe fasili. Huria itengwe na bure, na chini yake ziwekwe leseni ya hiba na leseni ya wakfu. Mali ya umma isitumike kwa kazi isiyomilikiwa. Msamaha wa sharti uingizwe.

Mambo haya si ya kusubiri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 imekwisha kuzitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Siku hakimu atakapolazimika kuamua shauri la namna hii kwa Kiswahili, hatapata nafasi ya kusubiri kamati ya istilahi ikutane; atatumia maneno atakayoyakuta, nayo ndiyo yatakayoamua nani apewe na nani anyang'anywe.

Wanaisimu wetu huita ujuzi wa lugha alio nao msemaji umilisi, neno lililo ndugu na milki. Kwa maana hiyo anayeijua lugha ndiye aimilikiye, na hakuna umilikaji mwingine wa lugha unaojulikana kwetu. Ashton-Tate ilitafuta mahakamani umilikaji wa namna nyingine, wala haikuupata. Lugha iliyodai kuimiliki imeishi kuliko kampuni yenyewe, mikononi mwa wale waliojua kuiandika.